Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali yetu: Mtoto mwenye maumivu sugu asingoje vipimo viishe ndipo aonwe na mwanasaikolojia

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mkuu wa Idara ya Afya ya Watoto,
Mkuu wa Idara ya Afya ya Akili,
na Wanachama wa Bodi ya Hospitali,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: RUFAA YA HUDUMA YA KISAIKOLOJIA KWA WATOTO WENYE MAUMIVU SUGU

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kayole, na kwa zaidi ya miaka mitatu nimekuwa nikihangaikia matibabu ya binti yangu wa pili, ambaye sasa ana umri wa miaka 13, kwa sehemu kubwa katika kliniki yenu ya watoto. Hospitali yenu sijaitaja kwa jina hapa. Nakala niliyoileta ofisini kwenu ina jina langu, nambari ya faili na sahihi, lakini hii inayosomwa na watu wote nimeiacha bila jina kwa sababu wazazi niliokaa nao kwenye mabenchi, wengine wakitoka katika hospitali nyingine za jiji hili, wamenisimulia mambo yale yale, na sitaki msomaji adhani kwamba shida hii iko mahali pamoja tu.

Sikuanza na barua ya wazi. Nilianza kwa kuzungumza na muuguzi msimamizi wa kliniki, ambaye alinisikiliza kwa huruma na kunieleza kwamba jambo hilo halimo katika uwezo wake. Mwezi wa Februari nilipeleka malalamiko kwa maandishi kwenye dawati la huduma kwa wateja, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Mwezi wa Mei niliiandikia ofisi ya Mkurugenzi. Mwezi wa Julai niliandika tena, na safari hiyo nikaitwa, nikaketi mbele ya afisa mmoja ambaye alifungua faili, akapekua kurasa chache, akaifunga na kuniambia, “Mama, shukuru Mungu mtoto hana ugonjwa.” Namshukuru Mungu, waheshimiwa, na nilimshukuru kila kipimo kiliporudi safi. Lakini mtoto aliyekosa siku 31 za masomo katika muhula mmoja hawezi kuambiwa kwamba hana kitu, na jibu hilo ndilo lililonionyesha kwamba nikiendelea kubisha mlango ule ule sitafunguliwa.

Naomba mnivumilie nieleze yaliyotupata, kwa kuwa hoja zangu zote zinatoka humo.

Maumivu yalianza mwanzoni mwa Gredi ya 5, karibu na kitovu, kwanza mara moja kwa wiki, kisha karibu kila asubuhi. Alitibiwa taifodi mara tatu, amiba mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja. Alipigwa picha ya tumbo mara tatu, akatolewa damu mara nyingi kiasi kwamba alianza kukunja mkono wa sweta mwenyewe kabla hajaambiwa, na mwishowe akapitishwa kamera kooni. Kila kipimo kiliporudi safi nilifurahi kwa dakika kumi, kisha nikamtazama mtoto aliyejikunja kwenye benchi, magoti yakigusa kidevu, na furaha ikaniisha. Mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, KPSEA, aliufanyia katika ofisi ya mwalimu mkuu, chupa ya maji moto ikiwa imefungwa kwa leso tumboni.

Kwa miezi 26 hakuna aliyetaja mwanasaikolojia. Katika mwezi wa 26, baada ya majibu ya kamera, tulipewa dirishani karatasi iliyokunjwa mara mbili, tukaambiwa tuipeleke jengo lile jingine tukachukue tarehe. Hakuna daktari aliyeketi nasi. Tukiwa kwenye matatu tukirudi nyumbani, msongamano ukiwa umetuzuia karibu na Donholm, binti yangu aliikunjua ile karatasi akasoma maneno machache ya Kiingereza yenye maana kwamba vipimo vyote ni sawa, aonwe na watu wa akili. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ili abiria wasisikie, “Mama, kwa hivyo wameona nadanganya?” Sikuwa na jibu. Kwa wiki mbili zilizofuata hakuniambia hata mara moja kwamba anaumwa, nami nikadhani amepata nafuu, hadi jioni moja nilipomkuta bafuni ameketi sakafuni, amefungulia bomba ili sauti ya maji imfichie kilio.

Nayatoa malalamiko yangu sasa, moja baada ya jingine.

1. Rufaa inakuja mwisho, baada ya kila kitu kingine kushindikana.

Maumivu huitwa sugu yakidumu au yakirudirudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Binti yangu alivuka kiwango hicho akiwa bado Gredi ya 5. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 mwongozo kuhusu maumivu sugu ya watoto, tangu wanapozaliwa hadi umri wa miaka 19, na ndani yake limetaja njia tatu za kuwasaidia: mazoezi ya mwili, tiba ya kisaikolojia, na dawa. Mwongozo huo unataka mtoto atazamwe mwili wake, mawazo na hisia zake, na maisha yake ya nyumbani na shuleni kwa pamoja. Haukuandikwa kwa lugha ya amri. Unasema tiba hizi zaweza kutumiwa. Hata hivyo, hakuna mahali ambapo tiba ya kisaikolojia imewekwa kuwa makombo ya mezani, ya kupewa mtoto madaktari wakishamaliza shughuli zao.

Katika hospitali yenu mpango ni vipimo kwanza, dawa, vipimo tena, dawa nyingine, na mwanasaikolojia mwishoni kabisa. Kwa mtoto, miezi 26 si muda mdogo. Ndani ya miezi hiyo binti yangu aliacha kukimbia, akaacha kwaya ya shule, akapoteza marafiki wawili waliochoka kumngoja, na akajifunza kwamba kitanda ndicho mahali salama. Tulipompata mtu wa kumsaidia, kazi ya kwanza haikuwa maumivu. Ilikuwa kuyaondoa yale aliyojifunza wakati wa kungoja.

2. Namna rufaa inavyosemwa humfanya mtoto aonekane mwongo.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo ambalo kulirekebisha hakuhitaji hata shilingi moja. Katika kliniki zetu daktari akisema “hana kitu”, mzazi husikia kwamba mtoto anadeka. Akisema “aende kwa watu wa akili”, mzazi husikia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Nairobi. Hospitali ile imehudumia Wakenya tangu mwaka 1910 na inastahili heshima yetu, lakini sote tuliokulia Nairobi tunajua jinsi jina lake lilivyogeuzwa kuwa tusi la mitaani, na mtoto wa miaka 12 anajua zaidi, kwa sababu ndilo tusi la uwanja wa shule. Kumpa mtoto karatasi kama ile bila maelezo ni kumwachia uwanja wa shule umfafanulie.

Maelezo ya kweli yapo, na si magumu. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, kiliporekebisha maana ya maumivu mwaka 2020, kiliyaeleza kuwa ni jambo linalohisiwa mwilini na moyoni kwa pamoja, ambalo linaweza kuwapo hata pale ambapo mwili haukuumizwa, na kikasema wazi kwamba mtu akieleza kuwa anaumwa, maelezo yake yaheshimiwe. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, ina nafasi maalumu kwa maumivu sugu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa, bila kulazimika kuwa dalili ya ugonjwa mwingine. Kwa hiyo “hana kitu” si jibu la kitaalamu. Ana kitu, na kitu hicho kina jina.

Mwanasaikolojia tuliyempata baadaye alimweleza binti yangu kwa mfano ambao sitausahau. Katika ploti yetu kuna gari la mwenye nyumba lenye king'ora kinacholia usiku kucha hata paka akiruka juu ya boneti. Alimuuliza: king'ora kile, je, kinalia kweli? Akajibu, kinalia kweli, hatulali. Je, kuna mwizi? Akajibu, hakuna. Akamwambia kwamba mishipa ya fahamu ya tumbo lake na ubongo wake vimekuwa hivyo, vimezidi wepesi wa kushtuka, vinapiga king'ora kwa gesi kidogo, kwa chakula cha kawaida, kwa hofu ya asubuhi. Na kwamba wao wawili watafanya kazi ya kukirudisha king'ora mahali pake. Mtoto wangu alilia. Aliniambia njiani kwamba alilia kwa sababu ni mara ya kwanza mtu mzima kumwambia kuwa kinalia kweli.

Maelezo yale yalichukua dakika kumi, na yangeweza kutolewa na daktari yeyote wa kliniki yenu, au afisa wa kliniki, au muuguzi, siku ile ile ya karatasi.

3. Mtoto akipewa rufaa, mlango wa kliniki ya watoto unafungwa nyuma yake.

Tarehe yetu ya kurudi kliniki ilifutwa siku tuliyopewa karatasi. Tulipoulizia tukaambiwa sasa yeye ni wa jengo lile jingine. Mzazi yeyote ataogopa hapo, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu mtoto mwenye maumivu sugu anaweza pia kupata ugonjwa mwingine. Akianza kupungua uzito, akitoa damu chooni, akipata homa zisizoisha, ni nani wa kumtazama? Mwanasaikolojia si badala ya daktari wa watoto. Wafanye kazi pamoja.

4. Tarehe zinazotolewa ni za mbali, na hakuna anayefuatilia.

Tulipewa miezi mitano. Siku ilipofika tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tukangoja hadi saa saba mchana, ndipo tukaambiwa mwanasaikolojia wa watoto yuko mafunzoni na turudi mwezi ujao. Hakuna aliyetupigia simu kabla, ingawa nambari yangu imo katika faili.

5. Watoto wenye ugonjwa unaojulikana hawafikiriwi kabisa.

Nilidhani shida ni ya watoto kama wangu tu, ambao vipimo vyao ni safi. Kwenye benchi nilikutana na baba mmoja ambaye mwanawe wa miaka 9 ana sikoseli. Kijana yule anapewa dawa zake, na anapozidiwa analazwa na kutibiwa, na baba yake hana lawama juu ya hilo. Lakini alinieleza kwamba katikati ya vipindi vya maumivu mtoto halali. Anakaa macho akingoja maumivu yarudi, anakataa kwenda shule siku ya baridi, anakataa kuoga, na tangu alipogunduliwa hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya hofu hiyo. Mama mwingine ana binti mwenye baridi yabisi ya watoto. Uvimbe wa magoti umekwisha kwa dawa, maumivu yamebaki, na msichana anatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Kwa watoto hawa hata karatasi ile iliyokunjwa haikutoka, kwa kuwa sababu ya maumivu yao inajulikana, na inaonekana hapo ndipo fikira inapoishia.

6. Sisi wazazi hatufundishwi lolote, na kwa kutojua tunaongeza mzigo.

Hapa sina budi kusema ukweli wangu pia. Kila asubuhi kwa miaka miwili, kabla mtoto hajafungua macho vizuri, nilimuuliza, “Tumbo linaendeleaje?” Nilidhani huo ndio umama. Mwanasaikolojia alinieleza kwa upole kwamba swali hilo linaelekeza mawazo ya mtoto tumboni kabla hajajisikia mwenyewe, na kwamba siku za maumivu nilizompa simu yangu na chai ya maziwa kitandani, huku siku za nafuu nikimpa vyombo vya kuosha, zilikuwa zinaufundisha mwili wake jambo ambalo sote wawili hatukulitaka. Hakunilaumu. Alinipa mambo matatu ya kufanya, nikayafanya, na yalikuwa magumu kuliko kumpa dawa. Nasikitika kwamba niliyasikia baada ya miaka miwili na nusu, kwa sababu yangenifaa tangu mwezi wa nne.

Mwanasaikolojia ninayemsema hakuwa wenu. Nilimpata kwa kuelekezwa na mama mmoja wa kanisani, nikakopa kwenye chama, nikalipa shilingi 2,500 kwa kikao, vikao saba. Naeleza kilichofanyika humo kwa sababu wengi huulizana kama ni maombi, au mazungumzo matupu, au dawa za usingizi. Alimfundisha kulala chali na kuweka kikombe cha plastiki juu ya kitovu, kisha kupumua polepole ili kikombe kipande na kushuka bila kuanguka. Walianza na pumzi tano, wakafika dakika kumi. Walichora ngazi ya kurudi shuleni: wiki ya kwanza masomo mawili tu, hata kama anaumwa kidogo, na kuondoka baada ya hayo mawili hata kama anajisikia vizuri, wiki ya pili hadi mapumziko ya saa nne, na kadhalika, ngazi kwa ngazi. Waliandika mawazo yanayomjia maumivu yakianza, kama vile “leo nitaanguka mbele ya darasa”, wakayakagua moja moja kuona lipi limewahi kutokea. Mwalimu wake wa darasa alipigiwa simu na kuelezwa asimpeleke nyumbani kila anaposhika tumbo, ila ampe dakika kumi nje kisha arudi.

Binti yangu hajapona kama mtu anayepona malaria. Maumivu bado humjia, wiki nyingine mara mbili, wiki nyingine hayaji. Muhula uliopita alikosa siku nne za shule, na amerudi kwaya.

Najua majibu ambayo huenda mkayatoa, maana mengine nimekwisha kuyasikia, na ningependa kuyajibu kabla hatujakutana.

Mtasema wanasaikolojia ni wachache. Ni kweli, na kila mtu anajua uzito wa kazi mliyonayo. Siku 56 za mgomo wa madaktari mwaka 2024 zilitufundisha sote thamani ya mikono mliyo nayo. Lakini mwongozo ule wa mwaka 2020 unasema tiba hii inaweza kutolewa ana kwa ana, au kwa mbali, au kwa kuchanganya njia hizo mbili, na hakuna jiji katika nchi hii lenye simu nyingi kuliko hili. Watoto sita wenye umri unaokaribiana wanaweza kuketi chumba kimoja na mtaalamu mmoja. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha saikolojia ya kitabibu, na wanafunzi wa fani hiyo wanahitaji mahali pa kufanya mazoezi ya kazi chini ya usimamizi. Aidha, nchi hii imekwisha kufanya jambo kama hili. Virusi vya UKIMWI vilipotushambulia hatukusema washauri ni wachache; tuliwafundisha wauguzi na watu wa kawaida ushauri nasaha, tukaweka chumba cha ushauri ndani ya kliniki ile ile ya dawa, na leo anayeanza dawa huzungumza na mshauri kama sehemu ya matibabu, bila mtu kumwona mwendawazimu. Naomba watoto wenye maumivu wapate chumba kama hicho.

Mtasema ni lazima ugonjwa wa mwili utafutwe kwanza. Sipingi kutafutwa, ningewalaumu msingetafuta. Ninachouliza ni kwa nini hayo mawili yasiende pamoja. Mtoto kujifunza kupumua, kulala vizuri na kurudi shuleni hatua kwa hatua hakumzuii daktari kusoma majibu ya damu. Na daktari akisema tangu siku ya kwanza kwamba atautazama mwili na pia namna maumivu yanavyoyabana maisha ya mtoto, rufaa ikija haitakuwa hukumu.

Mtasema wazazi wenyewe wanakataa. Wapo wanaokataa, na mimi karibu nikatae. Mwaka 2020 jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa, kwa hiyo serikali yenyewe inajua tulivyo na woga juu ya mambo haya. Woga huo hauondolewi kwa karatasi iliyokunjwa. Mzazi akielezwa mfano wa king'ora, huku daktari wa watoto akimhakikishia kwamba tarehe yake ya kliniki ipo palepale, wengi watakubali. Watakaokataa baada ya hapo watakuwa wamekataa wakijua.

Mtasema gharama. Nimehesabu risiti zangu za vipimo, dawa na nauli kwa miezi ile 26: ni shilingi 64,300. Vikao saba vilinigharimu 17,500. Sijui mzazi wa Kayole ambaye angeambiwa hesabu hiyo mapema akachagua ile ya kwanza.

Ninachoomba ni hiki.

Naomba, kwanza, iwekwe kanuni ya maandishi katika kliniki ya watoto kwamba mtoto yeyote ambaye maumivu yake yamevuka miezi mitatu, awe na ugonjwa unaojulikana au la, aulizwe kuhusu usingizi, shule, hofu na hali ya nyumbani, na rufaa ya kisaikolojia ijadiliwe na mzazi hapo hapo, vipimo vikiendelea. Pili, rufaa hiyo itolewe kwa mdomo na mtaalamu aliyeketi, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, iwe Kiswahili au lugha ya nyumbani, na isemwe wazi mbele ya mtoto kwamba anaaminiwa. Kama kuna ombi moja tu mtakalolitimiza mwaka huu, naomba liwe hilo. Tatu, tarehe ya kliniki ya watoto isifutwe. Nne, mwanasaikolojia apewe chumba na siku maalumu ndani ya kliniki ya watoto, hata kama ni siku moja kwa wiki, ili mtoto asilazimike kuvuka uwanja kuelekea jengo ambalo wenzake wanalicheka. Tano, wazazi tupewe angalau kikao kimoja cha mafunzo, na karatasi ya Kiswahili ya kwenda nayo nyumbani na kumwonyesha mwalimu.

Nayaomba haya nikijua kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya huduma ya afya na kuyatanguliza maslahi yake katika kila jambo linalomhusu.

Pamoja na hayo, kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nipewe kwa maandishi takwimu zifuatazo za mwaka uliopita: idadi ya watoto waliohudhuria kliniki yenu kwa maumivu yaliyozidi miezi mitatu, wangapi kati yao walipewa rufaa ya kisaikolojia, na baada ya muda gani, wangapi waliopewa rufaa walionwa kweli, wangapi walifutiwa tarehe za kliniki ya watoto, na ni wanasaikolojia wangapi waliopangiwa kuwahudumia watoto. Kama takwimu hizo hazijawahi kukusanywa, naomba hilo nalo liandikwe.

Sheria inatoa siku 21 za kujibu. Baba wa yule kijana mwenye sikoseli na mama wa msichana mwenye baridi yabisi wamekubali tuje pamoja mkituita, na binti yangu ameomba aje pia, kwa sababu anataka kumweleza daktari mwenyewe kuhusu ile karatasi. Faili yake ilifungwa mwezi wa Machi mwaka jana. Naomba ifunguliwe, apewe tarehe.

Wenu mwaminifu,

Mama mzazi,
Kayole, Nairobi.